Tumeamuliwa

Jumatano jioni

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla ya lolote naulizia mguu. Mguu wa kulia, ule wa kukanyagia cherehani, ulioniandikia kwamba jioni unavimba mpaka kiatu kinaukataa. Usiniambie tena kwamba ni uzee. Uzee ungeivimbisha yote miwili, haubagui. Uweke juu ya kigoda na uupe siku mbili za kupumzika. Sare za shule zitashonwa tu, na mwalimu akimrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya kola, mwambie aje akae yeye kwenye hiyo mashine tumwone.

Sisi huku ni wazima wa mwili. Wifi yako anakusalimu sana na anasema lile gauni ulilomshonea limembana kiunoni, ila anajua kosa si la fundi. Watoto wanamwamkia shangazi yao. Mimi mwenyewe tumbo linanitangulia na nywele zinanikimbia. Nimebaki na sauti tu. Hata wiki iliyopita mama mmoja kule benki, aliposikia nikisema naomba kalamu, aligeuka kwa furaha kumtafuta mtangazaji, akanitazama, kisha akatazama nyuma yangu kama mwenye sauti hajaingia bado. Nimezoea.

Barua yako nimeipata. Umeniuliza jambo moja na kunisihi jingine. Umeuliza kifungu chako kilisomwa saa ngapi siku ile nilipoisoma katiba redioni, kwa sababu uliwakusanya majirani, mkaweka redio juu ya meza ya kukatia nguo, mkasikiliza tangu mwanzo mpaka mwisho, na hamkukisikia. Labda, unasema, kilipita wakati unatia mafuta mashine. Na umenisihi niombe radhi, niseme ulimi uliteleza, mambo yaishe nirudi kazini. Nitajibu yote mawili. La pili litachelewa kufika, maana unanijua: tangu utoto ukinituma chumvi nilikuwa napitia kwanza kwa kila mtu aliyekaa kibarazani.

Nianze na kifungu. Mimi sikuwepo katika ukumbi wa shule siku Tume ya Katiba ilipokuja kukusanya maoni kwenu, lakini uliniandikia kurasa nne, nikahisi kama nilikaa kiti cha mbele. Uliinuka na tepu yako ya kupimia bado iko shingoni, ukawaambia kwamba fundi akipewa kitambaa hupewa na siku ya kurudisha nguo. Basi kiongozi naye apewe siku ya kurudisha kazi, na siku ikifika airudishe, hata kama mshono haujaisha. Atamalizia fundi mwingine. Watu wakacheka, wakapiga makofi. Karani akaandika. Mwenyekiti wa Tume akasema maneno hayo ndiyo hasa taifa linayoyasubiri. Ukarudi nyumbani ukichechemea kwa furaha, ukawatangazia mtaa mzima kwamba mdogo wako ndiye atakayekuja kukisoma redioni.

Baada ya maoni ilikuwa tupige kura. Tuliambiwa itakuwa baada ya mavuno. Halafu baada ya mvua. Halafu tukaambiwa kura ni gharama na nchi inahitaji utulivu, na kwamba maoni yaliyokusanywa ni mengi kiasi kwamba yanatosha kuwa kura. Bunge likakaa asubuhi moja, likapiga makofi, wakaenda kula. Hivyo ndivyo tulivyopata katiba.

Nilipoletewa maandishi ili nijizoeze kusoma, kitu cha kwanza nilichotafuta ni wewe. Sikutafuta kitambaa wala mshono. Hayo nilijua watayaondoa, wao ni wasomi. Nilitafuta maana yake. Nikakuta mahali pameandikwa kwamba kiongozi ataendelea kushika madaraka hadi hali itakaporuhusu vinginevyo. Hicho ndicho kitambaa chako, dada. Kimepelekwa kwa fundi asiyetaja siku.

Kwa hiyo usilaumu kopo la mafuta. Hukupitwa na kitu. Kifungu chako hakikusomwa kwa sababu hakimo. Samahani kwa kukuambia kavukavu hivi. Nimejaribu kulipamba mara kadhaa, na kila nikilipamba linazidi kuwa baya.

Sasa siku yenyewe. Unajua chumba chetu cha kusomea: zulia sakafuni, zulia ukutani, kipaza sauti, glasi ya maji, na kioo kikubwa ambacho nyuma yake hukaa fundi mitambo wetu. Tunamwita Waya, kwa sababu ni mwembamba na hukosi kumkuta ameshika mmoja. Viongozi walikuwa katika ukumbi wao na wageni; sauti yangu ilipelekwa kwao na kwa nchi nzima kwa wakati mmoja. Waya alinishauri turekodi mapema, tusikilize, tusahihishe, halafu siku hiyo tupige kanda mimi nikiwa nimekaa nakunywa chai. Nikamjibu, kifua mbele, kwamba mimi si kanda. Kumbuka jibu hilo. Nimelikumbuka sana mimi.

Sentensi ya kwanza ya katiba inasema: Sisi, wananchi, kwa hiari yetu na kwa sauti moja, tumeamua kujiwekea katiba hii. Ni sentensi nzuri kwa mdomo. Ina mahali pa kupumulia, ina mahali pa kupandisha sauti. Taa nyekundu ikawaka, nikaisoma kama mtu anayefungua pazia, na nikasema: Sisi, wananchi, kwa hiari yetu na kwa sauti moja, tumeamuliwa kujiwekea katiba hii.

Sikujisikia. Nakuapia, niliendelea kusoma nikijipenda. Nilimwona Waya ameinua kichwa ghafla kama mtu aliyesikia harufu ya kitu kinachoungua, nikadhani anapambana na mitambo yake. Kule ukumbini wakapiga makofi, kwa sababu ratiba iliwaambia wapige hapo. Nikasoma mpaka mwisho, nikatoka nikifuta jasho, nikingoja kupongezwa. Waya hakunipongeza. Aliniuliza kama najua nilichosema. Nikamwambia nimesema kilichoandikwa. Akanirudishia kanda nikajisikiliza, na kwa kuwa hapakuwa na kiti karibu nilikaa kwenye zulia.

Silabi mbili tu, dada. Ungeweza kuzimeza na mate.

Kufika saa kumi jioni nilikuwa nimeshaambiwa nikae nyumbani kwanza, na neno lilikuwa limeshafika sokoni. Muuza nyanya akiulizwa bei haipungui anajibu kwamba yeye naye ameamuliwa. Shuleni kwa mwanangu wa mwisho mwalimu aliuliza nani amefuta ubao, darasa zima likajibu kwamba ubao umefutwa na wananchi kwa hiari yao. Jirani yetu fundi bomba, ambaye mkewe humpangia hata soksi, alianza kuitwa Katiba. Mimi nilipita barabarani nimeinamisha kichwa, na watu ambao hawajawahi kuijua sura yangu walikuwa wameshaoneshana: huyo, mwenye tumbo. Walisimama wima kama napita na jeneza. Wengine walinishika mkono na kuondoka haraka.

Kinyozi wa mtaani kwetu alikwenda mbali kuliko wote. Ni yule mcheshi niliyekusimulia, anayenihudumia kwa huruma kwa sababu kichwani kwangu hakuna kazi. Aliandika TUMEAMULIWA kwa rangi nyeupe juu ya kioo chake. Mteja akiketi na kuanza kueleza anavyotaka kunyolewa, kinyozi anamwonyesha neno kwa kitana na kumwambia atulie, mambo yake yameshapangwa. Watu wakawa wanakuja kunyolewa kabla nywele hazijaota, ilimradi waambiwe hivyo. Wakaja na wengine ambao hawakuja kunyolewa. Walimchukua Jumanne, akarudi Ijumaa mdomo umepasuka na vidole viwili vya mkono wa kulia vimefungwa bandeji.

Nilikwenda kumwona. Aliponiona alisimama, akapangusa kiti kwa taulo, akawaambia waliokuwa kwenye foleni wampishe mwenye neno. Huku ameshika wembe alinisimulia kwamba kule ndani walimuuliza nani amemtuma. Akawajibu hakutumwa, alimsikia tu mtu mzima, mwenye kazi yake na nyumba na watoto, akisema neno lile macho wazi mbele ya nchi nzima, na yeye akaona aibu kuwa mwoga kuliko mzee mwenye kitambi. Alisema hivyohivyo, kitambi, na foleni ikacheka. Rangi walikuwa wameikwangua, lakini ukikaa kwenye kile kiti neno bado unalisoma. Alininyoa kwa mkono wa kushoto. Nilifungua mdomo nimwambie jambo, Mungu ni shahidi, akanishika kidevu akaniamuru nisitikisike, huo ni wembe. Nikafunga mdomo. Nilichotaka kumwambia yeye nitakuambia wewe, ngoja kidogo.

Jumatatu hii niliitwa kwa mkurugenzi wa redio. Nilimkuta na mwanasheria wa Tume, mzee nadhifu, mwenye ile sauti ya daktari anayekuambia sindano haitauma. Chai ililetwa. Mkurugenzi ndiye aliyeanza, akihangaika na kifuniko cha kalamu. Alisema yeye binafsi anajua mimi ni mtu mzuri na ulimi ni nyama tu, unateleza. Jumatatu ijayo nitarudi kusoma taarifa ya habari ya saa moja asubuhi, na baada yake nitasoma maneno machache ya kuomba radhi: kwamba nilikuwa na homa, kwamba ulimi uliteleza, na kwamba wanaolirudia neno lile wanaurudia ugonjwa. Halafu nitaisoma upya sentensi ile, safari hii vizuri, nayo itarekodiwa, na itapigwa kila asubuhi kabla ya habari. Kila asubuhi, dada. Nife, nizikwe, watoto wangu waendelee kuamshwa na mimi nikisema tumeamua. Niliyesema mimi si kanda.

Nikikataa, nitashtakiwa kwa kuikashifu katiba, na nyumba tunayokaa itarudi kwa shirika la utangazaji, mwenye nayo. Mwanasheria akafungua kitabu kunionyesha kifungu cha kukashifu. Hakuhitaji. Nakikumbuka. Nilikisoma vizuri sana kile.

Lakini nisimsingizie. Hakunitisha yeye. Kwa kweli ndiye mtu pekee katika mkasa huu aliyekaa akanieleza, na nimeshindwa kuyatoa maneno yake kichwani. Niliuliza, kwa sauti yangu ya kuomba kalamu, kwamba kama kura haikupigwa, ni wananchi gani hao walioamua? Akatabasamu kama mwalimu aliyepata swali alilokuwa analitaka. Akaniuliza nani aliyewahi kuulizwa. Watoto watakaozaliwa mwakani wataulizwa? Baba zetu walipowekewa serikali waliulizwa? Na je, mimi nilikataa kwenda shule yake? Hakuna mamlaka duniani, alisema, yaliyoanza na kila mtu akiwa amenyoosha mkono. Mamlaka huanza yanavyoanza. Uhalali huja nyuma, pole pole, kwa watu kuyatumia: wanakwenda mahakamani, wanalipa kodi, wanasimama kwenye taa nyekundu. Ndivyo watu wanavyoridhia.

Akanipa mfano. Mtu ambaye hukumtuma akienda sokoni akakununulia gunia la mahindi kwa jina lako, siku hiyo hujafungwa na lolote. Ila ukilipokea gunia, ukasaga, ukala, basi umeridhia, na sheria inahesabu kana kwamba ulimtuma tangu mwanzo. Kuridhia baada ya tendo, alisema akigonga kitabu kwa kidole, ni sawa na kuamuru kabla ya tendo. Wananchi watairidhia tu katiba hii. Tayari wanaila.

Jibu zuri lilinijia nilipokuwa ngazini nashuka. Majibu yangu yote mazuri yanakaa kwenye ngazi za majengo ya watu. Nilitaka kumuuliza, na kama gunia limetupwa ndani kupitia dirishani, na mlango umefungwa kwa nje, na hakuna chakula kingine nyumbani, mwenye nyumba akila bado tunasema ameridhia? Lakini nilikuwa nimeshafika chini, na ghorofani nilikuwa nimesema asante kwa chai.

Tangu siku hiyo kuna swali linanisumbua, nalo linakuhusu wewe. Kwa nini tulikuwa tunakutii?

Fikiria. Mama alikuwa anafua mashuka ya hospitali mpaka jioni, baba yuko kwenye makambi ya barabara, na mle ndani wewe ndiye serikali. Nani alikuchagua? Mama aliondoka asubuhi akisema tu mlango ufungwe. Ulikuwa umenizidi miaka michache na marehemu ndugu yetu wa kati umemzidi kidogo zaidi ya pumzi. Miguu kama vijiti vya kufumia, meno ya mbele hayapo. Angekuwepo mwanasheria angesema hatukuulizwa, na angekuwa sahihi. Hatukuulizwa. Na bado ulitutawala mpaka leo nikisikia mtu anakohoa kama wewe naficha mikono.

Unakumbuka tulipokuwa tunapigana? Ulituachanisha kwa kutuvuta masikio, kisha ukatukalisha kwenye mkeka na kuchukua tepu ya mama ya kupimia. Aliyevishwa tepu shingoni ndiye anayesema, mwingine anyamaze, hata kama anasingiziwa, hata kama anakufa. Halafu mwingine. Halafu unafikiri, umekunja uso kama bibi kizee, kisha unatoa hukumu na kusema: Haya, mmeamuliwa. Na sisi wawili ilikuwa lazima tujibu pamoja, kwa sauti moja: Tumeamuliwa. Hapo ndipo ulipomimina chai. Mmoja wetu asipoitika, kesi haijafungwa, na chai haimiminwi kwa mtu yeyote, wewe mwenyewe ukiwemo.

Nafikiri ulisahau siku ya kioo cha kabati. Uliamua kwamba mimi ndiye niliyekivunja. Marehemu aliitika haraka, alitaka chai. Mimi sikuitika. Ulinifinya, sikuitika. Tukalala hivyo, watu watatu na birika limepoa. Asubuhi ulinivisha tepu upya, ukanisikiliza upya, na katika kusikiliza ukakumbuka kwamba ni wewe uliyeubamiza mlango ulipokuwa unatoka kufunga kuku. Hukusema pole, hilo hujawahi kulijua neno. Ulichofanya ni kutumiminia chai sisi wawili, na siku nzima kikombe chako ukakiweka mezani kitupu, kimegeuzwa juu chini, mahali ambapo tunakiona.

Ndiyo maana tulikutii. Nimekaa nimekesha na jambo hili na sina jibu jingine. Hatukukuchagua, lakini uliacha mahali ambapo neno letu la hapana lingeweza kuingia, na lilipoingia lilikunyima chai wewe. Wale wamepiga lipu kila tundu, wakaniita mimi nije kuwapakia rangi.

Sasa nifike kwenye lile jambo. Kaa chini kama umesimama.

Uliniomba niseme ulimi uliteleza. Dada, uliteleza kweli.

Sikukusudia kitu. Nchi nzima inadhani nilipanga, nikapiga moyo konde, nikachagua silabi zangu. Hapana. Nilikuwa mtu mwenye suti mpya anayefurahia sauti yake mwenyewe. Niliposoma kwa sauti moja, ulimi wangu ulikwenda mwenyewe mahali ulipozoea kwenda baada ya maneno hayo. Katika maisha yangu yote kuna neno moja tu ambalo nimelisema na mtu mwingine kwa sauti moja, nikiwa nimekaa kwenye mkeka wetu, pua inachuruzika, natamani chai. Ulimi ukalisema. Na neno ambalo mtaani limekuwa tusi kwa serikali, kwetu sisi lilikuwa neno la kukubali. Ulimi wangu ulikuwa unawaheshimu wale watu kuliko walivyostahili. Uliwaitikia kama nilivyokuwa nakuitikia wewe.

Hilo ndilo nililotaka kumwambia kinyozi, akanishika kidevu.

Kwa hiyo ona nilipokwama. Wakubwa wananitaka niseme kweli, kwamba niliteleza, ili uongo wao ulale salama. Kinyozi amevunjwa vidole kwa sababu ameamini uongo, kwamba nilikusudia, na uongo huo ndio pekee uliotembea mitaani na kusema kweli. Nikisoma maneno yao sitakuwa nimesema neno hata moja la uongo, isipokuwa ile homa. Na ndipo nitakapokuwa mwongo kuliko wote.

Nilikaa na hili mpaka jana, nikiwa naoga, nilipomkumbuka tena mwanasheria wa watu na gunia lake. Nikacheka peke yangu mpaka wifi yako akagonga mlango. Ulimi wangu ulikwenda sokoni bila mimi kuutuma. Ukasema kwa jina langu kitu ambacho nisingethubutu. Siku ile sikufungwa na lolote. Lakini leo nimelipokea gunia, nimelisaga, na nimemwona mtu aliyelila kabla yangu na vidole vyake vimefungwa bandeji. Kuridhia baada ya tendo ni sawa na kuamuru kabla ya tendo. Amesema mwenye sheria zake, tena akigonga kitabu. Basi nimeuridhia ulimi wangu. Tofauti yangu na wao ni kwamba mimi nimeulizwa, mlango ukiwa wazi, na najua gharama.

Jumatatu nitakwenda. Nitavaa ile suti. Nitasoma taarifa ya habari mpaka mwisho, maana wasikilizaji hawana kosa, kisha nitaiweka karatasi yao pembeni na kusema kwamba siku ile sikuwa na homa, kwamba neno nililolisema ni langu, na kwamba atakayetaka kuniuliza niliamuliwa na nani aje aniulize mimi, asimguse kinyozi. Nimeyapima neno kwa neno. Yanamalizika kabla mtu hajashuka ngazi kutoka kwa mkurugenzi. Waya sikumwambia kitu, lakini jana, bila kuulizwa, alinieleza kwamba ile swichi ya kukata sauti siku hizi ni nzito kidogo, mpaka uibembeleze.

Usinione shujaa. Ninapoandika hapa nimeshainuka mara tatu kuhakikisha mlango umefungwa, na mwanangu ameshauliza nani anakuja. Wifi yako naye hajui yote haya; alichouliza ni kimoja tu, kama nilikusudia, nikamwambia jibu litasikika Jumatatu. Kisha akasema basi heri afungashe na magodoro kabisa, maana alikuwa ameanza na vikombe tu.

Barua hii nampa shemeji yangu dereva wa lori, usiipokee kwa mtu mwingine. Itakufikia Jumamosi. Ukishaisoma usiiweke kwenye lile kopo lako la barua. Ikate iwe kiolezo cha kola, uipige mkasi vipande vipande, kwa sababu humu ndani ndimo pekee mlimoandikwa kwamba niliteleza, na kuanzia Jumatatu, hiyo haitakuwa kweli tena.

Jumatatu saa moja weka redio juu ya meza ya kukatia. Waite majirani walewale. Waambie kifungu chao hakikupita wakati mashine inatiwa mafuta, hakikuandikwa. Kirudie mbele yao ulivyokisema ukumbini, na siku ya kurudisha nguo, vyote. Mkisikia muziki umeingia ghafla katikati ya maneno, msibadilishe stesheni wala msigonge redio, haina ubovu. Ujue nimeshasema.

Halafu mimina chai, uwape wote. Kikombe changu kigeuze juu chini uweke mezani, wakuulize ni cha nani.

Uuguze mguu. Wasalimie wote wanaoniulizia, na nenda ukaniangalizie kaburi la marehemu, umwambie safari hii nimechelewa kuitika tena.

Ni mimi mdogo wako, uliyeniita Kasuku kabla sijalipwa kwa kazi hiyo.